Mafua na moyo: maswali ninayoulizwa kila kipupwe

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya presha na moyo hapa Mtwara. Meza yangu ndiyo ya kwanza, ile yenye mizani na mashine ya kupimia presha, kwa hiyo maswali hunifikia mimi kabla hayajamfikia daktari. Kuanzia Juni, kusi ikivuma na wenzetu wa Newala wakianza kushuka na makoti yao, benchi la nje huwa kikohozi kitupu. Maswali ni yaleyale kila mwaka. Nimeyaandika hapa kama yanavyoulizwa, maana kumjibu mmoja mmoja huku foleni ikinikodolea macho kumenishinda.

Nesi, mafua si ya puani tu? Moyo unaingiaje hapo?

Unaingia kwa milango mingi. Wa kwanza ni homa. Joto la mwili likipanda nyuzi moja, moyo huongeza takriban mapigo 10 kwa dakika. Mwenye homa ya nyuzi 39 anaweza kuwa amejilaza kwenye mkeka, lakini moyo wake unakwenda kama wa mtu anayewahi basi, na hiyo safari ni ya usiku na mchana. Moyo mzima unaimudu. Moyo uliokwisha kutanuka kwa presha ya miaka kumi, wapi.

Wa pili ni pumzi. Virusi vikishuka kifuani, mapafu hupitisha oksijeni pungufu. Moyo umeongezewa kazi na wakati huohuo umepunguziwa posho.

Wa tatu watu wengi hawaujui. Mwili unapopigana na virusi, kinga huwasha moto mwili mzima, si puani tu. Mtu mzima mara nyingi ana mafuta yaliyojishikiza kwenye kuta za mishipa ya moyo, yametulia hapo miaka na miaka bila kumsumbua. Ule moto wa kinga huyalainisha utando wake, ukachanika. Na damu wakati wa maambukizi huganda upesi kuliko kawaida. Utando ukichanika, damu huganda hapohapo, mshipa ukaziba: hilo ndilo shambulio la moyo. Ukiziba mshipa wa ubongo, ni kiharusi.

Wa nne ni pale virusi vinapougusa msuli wa moyo wenyewe. Huo nitaurudia chini kwenye swali la vijana.

Wa tano tunaufungua kwa mikono yetu: dawa tunazojinunulia na dawa tunazoziacha. Ningeambiwa nifunge mlango mmoja tu, ningefunga huu.

Ni kweli mafua huleta shambulio la moyo, au mnatutisha ili tuje kliniki?

Ni kweli, na watu wamekaa wakahesabu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti kutoka jimbo la Ontario, Kanada. Waliangaliwa watu waliothibitishwa na maabara kuwa na influenza, ambao pia walilazwa kwa shambulio la moyo ndani ya mwaka mmoja kabla au baada ya kipimo hicho. Katika siku 7 za kwanza baada ya kipimo, waliolazwa kwa moyo walikuwa 20. Katika wiki nyingine za kawaida, wastani ulikuwa 3.3 kwa wiki. Ni mara 6. Baada ya siku ya saba hatari ile ilishuka. Virusi vingine vya njia ya hewa navyo vilionekana kuongeza hatari, ila kwa kiasi kidogo kuliko influenza. Kabla ya hapo, mwaka 2004, Uingereza walikuwa wameshaona jambo hilohilo: siku 3 za kwanza za maambukizi ya kifua, shambulio la moyo lilikuwa karibu mara 5 na kiharusi mara 3.

Sasa, mtu akisikia "mara 6" anadhani watu sita kati ya kumi. Sivyo. Kijana wa miaka 25 asiye na presha wala sukari, hatari yake ni ndogo sana, na mara 6 ya kitu kidogo sana bado ni kidogo. Anayeninyima usingizi mimi ni yule ambaye hatari yake ilikuwa kubwa tangu kabla hajapiga chafya.

Na hapa kwetu sura ina tofauti yake. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliangalia wagonjwa 427 ambao moyo umeshindwa kazi: 45% chanzo kilikuwa presha, na mishipa ya moyo kuziba ilikuwa 9% tu. Ndiyo maana wengi wanaofika mezani kwangu baada ya mafua hawaji wameshika kifua kama kwenye filamu. Wanakuja wamejaa maji. Viatu haviingii, usiku hawawezi kulala chali, wamelala wameegemea ukuta siku tatu na nyumbani wanasema ni "mafua yamegoma kutoka".

Mafua, influenza, Uviko: si kitu kimoja?

Kiswahili chetu kimevitia vyote kapu moja, na kwa mazungumzo ya barazani haidhuru. Kwa mwenye moyo inadhuru. Mafua ya kawaida huanza taratibu, kamasi nyingi, koo linawasha, homa kidogo au hakuna, wiki moja hivi yamekwisha. Influenza inakuangusha: asubuhi uko shambani, jioni mwili wote unauma, homa kali, hata chai huitaki. Uviko huweza kujifanya yoyote kati ya hayo mawili. Kuna na RSV, kirusi kinachojulikana zaidi kwa watoto wachanga lakini kinawasumbua vilevile wazee.

Usisahau tuko Kusini. Homa na mwili kuuma hapa inaweza kuwa malaria, au malaria na mafua kwa pamoja. Kapime. Kuna watu wawili nimewapokea mwaka mmoja, kila mmoja amemeza mseto, dawa ya malaria, dozi nzima bila kipimo, na kumbe kilichokuwa kifuani ni nimonia.

Niliacha vidonge vya presha nilipoanza dawa za mafua, ili dawa zisigombane tumboni. Nilikosea?

Ndiyo, mama. Hili ndilo kosa ninaloliona kuliko yote, na sijui lilianzia wapi. Wengine huacha kwa sababu hawana hamu ya kula, na waliambiwa "meza baada ya chakula". Wengine wanadhani mwili mgonjwa hauwezi kubeba dawa nyingi.

Presha haiendi likizo kwa sababu una mafua. Inapanda, hasa ukikohoa usiku kucha bila kulala. Ukiacha vidonge wiki ile ile ambayo moyo unafanya kazi ya ziada, umeupokonya jembe katikati ya palizi. Kama chakula hakipiti, kunywa uji mwembamba nusu kikombe, meza dawa. Aspirini ndogo uliyoandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, endelea nayo. Dawa ya mafuta kwenye damu, endelea nayo.

Pana jambo moja la kuangalia. Kama mafua yamekuja na kutapika sana au kuharisha, na wewe unatumia dawa ya kukojoza maji, au losartani, au kaptoprili na wenzake, hapo mwili unaweza kukauka na figo zikaumia. Usiamue mwenyewe, piga simu kliniki au nenda kituo cha karibu siku hiyohiyo. Daktari anaweza kukuambia usimamishe moja kwa siku mbili. Lakini akuambie yeye.

Dukani naomba dawa ya mafua, nipewe ipi na nikatae ipi?

Nikuonyeshe kitu. Julai moja alikuja bibi kutoka upande wa Tandahimba, presha 210 kwa 120, anahema. Nikamuuliza amekunywa dawa gani. Akafungua kifundo cha kanga, akatoa karatasi ya daftari la hesabu iliyokunjwa pembe nne, akaifungua juu ya meza yangu. Ndani mlikuwa na vidonge vya aina tano vimechanganyika kama punje za choroko. Muuzaji alimwambia "meza kila aina moja, kutwa mara tatu".

Nikavitenga kwa ncha ya kalamu. Kidogo cha njano ni Piriton, hicho kinamletea usingizi tu. Kikubwa cheupe ni Septrin. Kingine diklofenaki. Kingine prednisoloni. Na kapsuli ya mafua, ile ya kuzibua pua. Bibi ana presha ya miaka, na kati ya hizo tano, tatu zinapandisha presha au zinashikilia maji mwilini.

Diklofenaki na aibuprofeni zinatuliza maumivu vizuri, sikatai. Lakini zinaufanya mwili ushike chumvi na maji, zinapandisha presha, zinapunguza nguvu ya dawa zako za presha na za kukojoza, na zinaongeza hatari ya shambulio la moyo. Mwenye moyo uliotanuka akimeza siku tatu anaweza kujaa maji kabla hata mafua hayajaisha. Prednisoloni nayo inashika maji, tena inapandisha sukari. Kapsuli nyingi za kuzibua pua zina sudoefedrini au fenilefrini, kazi yake ni kubana mishipa ya damu. Haibani ya pua peke yake.

Kinachokufaa ni parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, ukiacha saa sita kati ya dozi na dozi, visizidi vinane kwa siku. Soma pakiti ya ile kapsuli ya mafua, maana nyingi zina parasetamoli ndani tayari, na ukizimeza pamoja umezidisha bila kujua. Kisha pua iliyoziba, isafishe kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Hayo unayatia puani, huyanywi.

Jambo dogo ambalo hata baadhi yetu tunalisahau: vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vile vinavyotoa povu, vina sodiamu nyingi. Kidonge kimoja cha parasetamoli cha povu kinaweza kuwa na takriban miligramu 400. Kikomo cha siku nzima kwa mtu mzima ni 2,000. Sita kwa siku, umekula chumvi kama umekula ng'onda asubuhi hadi jioni.

Na ukifika dukani, neno la kwanza liwe "nina presha" au "nina ugonjwa wa moyo". Kabla ya shikamoo, ikibidi. Mwuzaji mwema atabadilisha mkono unapokwenda kwenye rafu.

Nikimeza antibayotiki mapema si nitapona haraka?

Antibayotiki haziui virusi. Zinafaa pale bakteria wanapoingia kwa mgongo wa virusi, yaani nimonia, na hilo huamuliwa na anayekusikiliza kifua.

Wenye valvu za bandia moyoni wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, nawasihi mara mbili. Septrin na Flagyl huifanya warfarini kuwa kali kupita kiasi, damu ikawa haigandi. Ukiandikiwa dawa hizo mahali wasipokujua, waambie unatumia warfarini, na kipimo cha damu kifanyike ndani ya siku chache. Azithromaisini nayo inaweza kuvuruga mdundo wa moyo kwa wachache, hasa wenye moyo dhaifu au wanaotumia dawa nyingine za mdundo.

Nyungu je? Mbona tulijifukiza sana wakati wa korona na tukapona?

Wengi mlipona kwa sababu wengi hupona. Mvuke unalainisha kamasi, unaleta raha, lakini hauui kirusi. Kwa mwenye moyo, blanketi zito, sufuria inayochemka na giza ni mchanganyiko ninaouogopa: joto linapanua mishipa, presha inashuka ghafla, mtu anainuka anaanguka. Na vidonda vya kuungua nimeviona, vya mapajani, kwa sufuria iliyopinduka. Ukitaka mvuke, kaa kitini, bakuli liwe mezani, kichwa wazi, dakika tano, na mtu awe karibu. Mchaichai na tangawizi kwenye chai, kunywa, havina neno.

Maji ninywe mengi au kidogo? Huyu anasema hivi, yule vile.

Wote wana haki, kila mmoja kwa mgonjwa wake. Asiye na moyo uliojaa maji, anywe kila anaposikia kiu na zaidi. Aliyepangiwa na daktari, tuseme lita moja na nusu kwa siku, abaki hapohapo, na uji na supu vihesabiwe humo. Homa kali na jasho vinaweza kudai nyongeza kidogo, lakini uliza kwanza.

Supu yenyewe mara nyingi ndiyo tatizo. Mgonjwa akiwa hana hamu ya kula, nyumbani humpikia kitu cha kumfungua mdomo: ng'onda, au supu ya pweza iliyokolezwa chumvi. Upendo mtupu, na kesho yake miguu imevimba. Tieni limau badala ya chumvi.

Nitajuaje kwamba mafua yameshafika kwenye moyo?

Mizani inajua kabla yako. Maji yanayojikusanya mwilini yana uzito, na yanaonekana kwenye mizani siku moja au mbili kabla hayajakubana pumzi. Jipime kila asubuhi, baada ya kukojoa, kabla ya kunywa chai, na nguo zilezile. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu, hiyo si shibe. Njoo.

"Nesi, mizani ya nyumbani nitaitoa wapi?" Sawa. Mzee mmoja wa upande wa Nanyamba alinipa jibu ambalo sikulitarajia. Ilikuwa msimu wa mnada wa ufuta, ghala la chama cha msingi lipo mita mia kutoka kwake. Kila alfajiri alikwenda akapanda kwenye mizani ya magunia kabla wakulima hawajafika, karani akamwandikia kwenye kipande cha karatasi. Alinijia na karatasi nne: 61, 61, 62 na nusu, 64. Kikohozi chake kilikuwa cha siku sita na yeye alijiona anapata nafuu. Daktari alipomsikiliza chini ya mapafu, maji. Aliongezewa dawa ya kukojoza, akarudi nyumbani bila kulazwa. Angesubiri hadi kuhema, tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Mizani ya ufuta haikutengenezwa kwa ajili hiyo, lakini haikumdanganya.

Kama hakuna mizani ya aina yoyote, tumia kidole. Bonyeza mfupa wa mbele wa mguu, juu ya kifundo, hesabu hadi kumi, achia. Pakibaki shimo ambalo jana halikuwapo, ni maji. Na hesabu mito: jana ulilalia mmoja, leo mitatu, hiyo ni habari.

Hizi zifuatazo hazisubiri asubuhi. Kifua kubana au kuwa kizito zaidi ya dakika kumi na tano, hasa kama maumivu yanakwenda bega, mkono au taya na jasho jembamba linatoka. Kuhema ukiwa umekaa tu. Kukohoa povu lenye rangi ya waridi. Kuzimia. Midomo kuwa ya bluu. Mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea. Kuchanganyikiwa kwa mzee aliyekuwa na akili timamu jana. Wanawake na wenye sukari, angalieni zaidi: shambulio la moyo kwenu linaweza kuja bila maumivu ya kifua, likaja kama kichefuchefu, uchovu wa ajabu na kukosa pumzi, mkadhani ni homa yenyewe.

Nenda hospitali iliyo karibu nawe, iwe Ligula, Sokoine Lindi mjini, Ndanda, Nyangao au ya wilaya. Usianze safari ya Dar es Salaam kwa basi na kifua kinachobana, eti Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko huko. Ni zaidi ya kilomita 500. Upate huduma ya kwanza hapa, rufaa itafuata, na siku hizi kuna hospitali ya rufaa ya kanda hapahapa Mtwara, Mitengo.

Mwanangu ana miaka 22, hana presha. Mafua yalikwisha wiki iliyopita, sasa anasema moyo unamwenda mbio akipanda ngazi.

Mlete. Huu ndio ule mlango wa nne. Virusi kadhaa, influenza na Uviko vikiwamo, vinaweza kuuvimbisha msuli wa moyo. Huonekana siku chache hadi wiki mbili tatu baada ya mafua, na huwapata hata vijana wenye afya kabisa. Kijana analalamika kifua kuuma, mapigo kurukaruka, kuchoka kwa kazi ambayo zamani hakuisikia. Anahitaji kipimo cha umeme wa moyo, na ikiwezekana cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti.

Wengi hupona kabisa. Lakini ikithibitika, asicheze mpira wala kubeba magunia kwa miezi mitatu hadi sita, mpaka daktari amruhusu. Moyo uliovimba ukilazimishwa mazoezi unaweza kupoteza mdundo ghafla. Vijana wanalipokea hili vibaya kuliko habari ya ugonjwa wenyewe. Mmoja aliniuliza kama anaweza angalau kuwa golikipa.

Mtoto wangu wa miaka minane koo linamuuma mara kwa mara. Nasikia koo huharibu moyo.

Umesikia sawa, ila hapa mwenye makosa ni bakteria, si kirusi. Koo la bakteria wa aina ya streptokoka, lisipotibiwa, linaweza kuleta homa ya baridi yabisi, na hiyo ndiyo huziharibu valvu za moyo. Huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Ishara za kumtofautisha: koo linauma sana, homa, tezi za shingo zimevimba, lakini hana kamasi wala kikohozi. Mwenye kamasi zinazotiririka na kikohozi mara nyingi ni virusi. Usikisie, apimwe, na akiandikiwa penisilini amalize dozi hata akianza kuruka kamba siku ya tatu.

Watoto ambao valvu zimeshaguswa na wanachoma sindano ya penisilini kila wiki tatu au nne: mafua si sababu ya kuruka tarehe.

Chanjo ya mafua ipo?

Ipo duniani, na kwa wagonjwa wa moyo ina kazi. Utafiti ulioongozwa kutoka Sweden na kuchapishwa 2021 uliwachukua watu 2,571, wengi wametoka kupata shambulio la moyo. Nusu walichomwa chanjo ya influenza, nusu maji yasiyo na dawa. Baada ya mwaka, waliokufa, au kupata shambulio jingine, au kibomba walichowekewa kwenye mshipa kikaziba, walikuwa 5.3% kwa waliochanjwa na 7.2% kwa wasiochanjwa. Kwa sindano moja ya bei ndogo, hiyo ni faida kubwa.

Kwetu haimo kwenye chanjo za kawaida za serikali. Kwa kawaida utaitafuta kwa kulipia, kwenye hospitali binafsi za miji mikubwa, na hurudiwa kila mwaka kwa kuwa kirusi hubadilika. Ukiwa na mtoto wa kazi Dar anayekuuliza akuletee nini, mwambie akuulizie hiyo. Kwa wajukuu, chanjo ya nimokoka, bakteria anayeleta nimonia, imo kwenye ratiba ya kliniki tangu 2013. Hakikisheni wamepata, maana anayekuambukiza nimonia mara nyingi ni huyo unayempakata.

Ninaweza kupulizia mikorosho salfa nikiwa na mafua?

Hapana. Najua ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, hausubiri upone, na salfa hupigwa alfajiri majani yakiwa na umande, saa zilezile za ubaridi. Lakini vumbi lile linawasha njia ya hewa hata ya mtu mzima wa afya. Mwenye moyo na mafua akibeba ile mashine mgongoni amejipa mizigo mitatu. Mpe kijana asiye na kikohozi, avae barakoa na miwani, na wewe usisimame upande upepo unakokwenda.

Dawa zikiniishia na barabara imekatika?

Swali hili lilianza kuulizwa sana baada ya Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipokata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga na magari yakalala pande zote mbili. Usingoje kidonge cha mwisho. Ukibakiwa na cha siku kumi, njoo uchukue vingine.

Mke wangu ana mafua na mimi ndiye mwenye moyo. Nihame chumba?

Kama kipo kingine, hama siku tano za kwanza, na asinune. Kama hakipo, laleni mzungu wa nne, dirisha wazi, na yeye avae barakoa anapokuhudumia. Vikombe visiwe vya kushirikiana. Kwenye ngoma za jando na unyago za Julai na Agosti, ambako wageni wa Dar huja na zawadi na virusi vyao, kaa nje penye upepo, salimia kwa mbali kidogo, nawa mikono kabla ya kugusa pilau. Watakuona unaringa. Waambie nesi ndiye aliyekukataza.